Waliojenga jukwaa la Kamirithu hawamo jaladani

Mwulize mwanafunzi yeyote wa fasihi ni nani aliyetunga tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, naye atakujibu bila kusita: Ngugi wa Thiong'o. Aliyesoma kwa makini zaidi ataongeza jina la Ngugi wa Mirii, maana majina hayo mawili ndiyo yaliyo jaladani. Katika mtihani, jibu hilo litapata alama zote. Katika historia ni nusu ya jibu, na nusu iliyoachwa nje ndiyo iliyoitia serikali kiwewe.

Turudi Limuru, mwaka wa 1976. Kamirithu ni kijiji kilichoundwa na Waingereza katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, watu walipong'olewa makwao na kurundikwa pamoja ili wasiwapelekee wapiganaji wa Mau Mau chakula na habari. Uhuru ulikuja, kijiji kikabaki palepale. Wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya majani chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata na viwanda vingine vya Limuru, wachuuzi, walimu wa shule za msingi, na wengi tu wasiokuwa na kazi. Palikuwa na kiwanja cha ekari nne kilichotengewa vijana, na ndani yake jengo lililokuwa likijibomokea polepole.

Aliyeanzisha mambo ni mwanamke. Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kuishi karibu na hapo, amesimulia jinsi mama mmoja wa kijiji alivyomwendea nyumbani asubuhi moja na kumwuliza kwa nini elimu yake yote haiwafai majirani zake. Hakwenda mara moja akachoka. Alirudi Jumapili baada ya Jumapili hadi mwalimu akakubali. Katika historia zetu za fasihi mama huyu huwa sentensi moja, na mara nyingi hata hiyo hakuna. Mimi namwona kuwa ndiye mwanzilishi wa ukumbi wa Kamirithu, na sioni haja ya kuliremba jambo hilo.

Kamati iliundwa, ikiwa na wakulima, wafanyakazi wa viwandani na walimu. Ngugi wa Mirii, aliyekuwa mtafiti wa elimu ya watu wazima, aliongoza upande wa masomo. Kisomo hicho kilifuata mbinu za Mbrazili Paulo Freire: watu walianza kwa kuyajadili maisha yao, mishahara yao na ardhi yao, herufi zikaja kwa mlango huo. Waliokwisha kujua kusoma wakauliza, sasa je? Mchezo wa kuigiza ulitokana na swali hilo. Kamati iliwaagiza Ngugi wawili waandike rasimu, na kufikia katikati ya mwaka wa 1977 rasimu ilikuwa imekabidhiwa wenyewe.

Hapo ndipo kazi ilipoanza hasa. Wasomi wawili walikuwa wameandika kwa Kikuyu, lugha ya mama zao, lakini wazee wa kijiji waliwasahihisha lugha hiyohiyo. Mzee hawezi kusema hivi mbele ya mkwewe. Neno hili ni la vijana. Wimbo huu hauimbwi arusini. Gitiiro, ngoma ya majibizano inayotumiwa katika sehemu ya arusi, vijana hawakuijua, ikabidi wanaoikumbuka wawafunze wengine. Wafanyakazi wa viwandani nao walikuwa na la kusema kuhusu sehemu zinazogusa ujira na zamu za usiku, kwani walikuwa wakiyaishi. Profesa aliyezoea kusahihisha alisahihishwa, na kwa maelezo yake mwenyewe alijifunza lugha upya.

Kiswahili kina msemo wa 'walio nyuma ya pazia', yaani wale wanaotenda kazi bila kuonekana. Kwa Kamirithu msemo huu hauna pa kushika. Waigizaji walichaguliwa hadharani, na mazoezi yalifanywa peupe, kila mpita njia akiwa na ruhusa ya kusimama na kusema, 'La, mlevi haanguki hivyo.' Siku ya kufungua ilipowadia, watazamaji wengi walikuwa tayari wanayajua maneno ya wahusika karibu wote. Hata neno ukumbi latushinda kidogo hapa, maana huo haukuwa na paa. Ulianza kwa njiti za kiberiti zilizopangwa ardhini kuwa kielelezo, kisha vijana na wazee wakainua jukwaa la nusu duara, nyuma yake ukuta wa mianzi, na nyuma ya ukuta nyumba ndogo ya kuwekea vifaa na kubadilishia mavazi. Ulitosha watu zaidi ya 2,000. Yote yalifanywa kwa kujitolea.

Kuna jambo moja katika simulizi la Ngugi ambalo halinitoki akilini. Igizo lilihitaji bunduki za bandia. Waliozitengeneza ni watu waliowahi kuwaundia Mau Mau bunduki za kweli, na safari hii waliziunda mbele ya macho ya watoto wao.

Igizo lilifunguliwa Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977, miaka 25 tangu Oktoba ile ya kutangazwa kwa hali ya hatari. Mwelekezaji alikuwa Kimani Gecau, mhadhiri wa fasihi. Walichagua Jumapili mchana kwa sababu ndio wakati ambao kibarua ana nafasi. Watu walikodi magari kutoka mbali. Mvua iliponyesha walijibanza pa kujikinga, kisha wakarudi kuketi. Tarehe 16 Novemba, majuma sita tu baadaye, Mkuu wa Wilaya ya Kiambu aliifuta leseni kwa sababu iliyoitwa ya usalama wa umma. Mwishoni mwa Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti hadi Desemba 1978.

Sasa tazama, msomaji, hesabu hii ambayo haijumliki kirahisi. Mwaka wa 1980 Ngaahika Ndeenda ilichapishwa kama kitabu na kuuzwa madukani hapa nchini. Mwaka wa 1982 ikatoka kwa Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya Clement Kabugi. Maneno yaleyale, wahusika walewale. Iwapo hatari ilikuwa ndani ya maneno, kwa nini kitabu kiliachwa kizunguke?

Jibu tunalipata katika mwaka huohuo wa 1982. Kundi la Kamirithu lilikuwa limeandaa igizo la pili, Maitu Njugira, lililohusu vibarua wa enzi ya ukoloni na kutumia nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya. Mwezi wa Februari walifika katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi, wakakuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu, wakaendelea na 'mazoezi' yaliyovuta maelfu ya watu mpaka nako wakafukuzwa. Tarehe 11 Machi kituo kikapigwa marufuku. Kesho yake polisi waliojihami kwa silaha walifika kijijini kwa malori matatu na kuubomoa ukumbi ukawa tambarare.

Malori matatu, dhidi ya mianzi! Kitabu husomwa na mtu mmoja chumbani, akakifunga, akalala. Jukwaa lile lilikuwa ushahidi kwamba vibarua waweza kukaa kamati, kukusanya fedha, kujenga, kubishana na profesa wakamshinda, na kuwaita maelfu waje kuona. Hilo ndilo lililotumiwa malori.

Wasomi walitawanyika. Ngugi wa Thiong'o alibaki uhamishoni. Kimani Gecau na Ngugi wa Mirii walikwenda Zimbabwe, ambako Ngugi wa Mirii alishiriki kuanzisha maigizo ya kijamii hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 2008. Wachuma majani chai hawakuwa na pa kwenda. Walibaki Kamirithu, wakarudi mashambani na viwandani.

Mnamo Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani jijini, ndani ya Ukumbi wa Kitaifa uleule, na wengi tulifurahi. Kile kiwanja cha Limuru sasa kina chuo cha ufundi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipoibeba ile mianzi anakaribia 70, na wazee waliomfunza gitiiro yamkini wengi wameshaondoka. Tasnifu juu ya Ngugi wa Thiong'o zimejaa rafu za maktaba zetu. Juu ya yule aliyepanga njiti za kiberiti, bado naitafuta hata moja.