Kuchagua boksi la spika za gitaa la besi: mwongozo kwa bendi za Kibiti na delta ya Rufiji

Bendi inayotoka Kibiti mjini kwenda kupiga harusi visiwani Mbwera hupakia vyombo vyake mara mbili: kwanza kwenye gari hadi Nyamisati, kisha kwenye boti, kwa kufuata saa za maji kujaa na kupwa. Boksi la besi huwa miongoni mwa mizigo mizito. Likiungua usiku wa shughuli, au likiunguza amplifaya, hakuna duka la kukimbilia hadi boti irudi. Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha.

Boksi litasikilizwa na nani?

Kuna hali mbili. Katika ya kwanza, besi inaingia kwenye mikisa na kutoka kwenye spika kubwa za mbele pamoja na waimbaji. Kama spika hizo zina sabufa, boksi la besi ni la wanamuziki wenyewe kusikilizana jukwaani, na boksi dogo lenye spika moja ya inchi 12 linatosha.

Katika ya pili, spika za mbele zinabeba waimbaji na kinanda tu. Boksi la besi lenyewe ndilo linalotakiwa kumfikia mtu wa mwisho chini ya turubai. Uwanjani hakuna kuta za kurudisha sauti, kwa hiyo besi iliyotikisa chumba cha mazoezi husikika nyembamba. Jua kwanza uko kwenye hali ipi, maana bei na uzito hutegemea jibu hilo.

Kwa nini besi huua spika za kawaida

Uzi mzito wa besi ya nyuzi nne hutetema mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Kwenye besi ya nyuzi tano hushuka hadi hezi 31. Kila sauti inaposhuka oktavu moja, spika hulazimika kusogea mbele na nyuma mara nne zaidi ili isikike kwa nguvu ileile. Spika ya redio ya nyumbani au ya gitaa la solo haikutengenezwa kwa mwendo huo. Koili hutoka kwenye njia yake, karatasi huchanika, na mara nyingi hilo hutokea wakati shughuli imechangamka na kila mtu ameongeza sauti.

Omu kwanza, wati baadaye

Nyuma ya kila boksi huandikwa ukinzani wake kwa omu, kwa kawaida 4 au 8. Nyuma ya amplifaya huandikwa kiwango cha chini inachoweza kubeba. Maboksi mawili yakiungwa sambamba, kama yanavyoungwa kwenye amplifaya nyingi za besi, omu hupungua. Mawili ya omu 8 huwa omu 4. Mawili ya omu 4 huwa omu 2. La omu 8 na la omu 4 huwa kama omu 2.7.

Amplifaya iliyoandikwa isishuke chini ya omu 4 inaweza kubeba boksi moja la omu 4, au mawili ya omu 8. Ukiipa omu 2 inavuta umeme mwingi kuliko uwezo wake. Itapata joto, itajizima au itaungua. Kwa bendi inayotaka kukua kidogo kidogo, boksi la omu 8 ndilo la kuanzia, kwa sababu linaacha nafasi ya kuongeza la pili.

Waya nao uwe waya wa spika, mnene na wenye nyuzi mbili. Waya wa kuchomeka gitaa unafanana nao kwa nje, lakini ndani ni mwembamba na unaweza kupata joto na kufanya shoti.

Wati nyingi si sauti kubwa

Namba ya wati kwenye boksi inaeleza kiasi linachoweza kuvumilia. Nguvu ya sauti huonyeshwa na namba nyingine: desibeli linazotoa kwa wati 1, zikipimwa umbali wa mita 1. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati mara mbili. Desibeli 6, mara nne. Kwa hiyo boksi la desibeli 100 likipewa wati 100 hulingana na la desibeli 94 lililopewa wati 400. Mahali ambapo jenereta moja ndogo inaendesha mikisa, kinanda, taa na besi, tofauti hiyo ni kubwa.

Kuongeza boksi la pili la aina ileile kwa kawaida huongeza sauti kuliko kununua amplifaya yenye wati maradufu. Na njia isiyo na gharama ni kuweka boksi chini, karibu na ukuta: sakafu na ukuta huipa besi nguvu zaidi.

Inchi 10, 12 au 15

Wengi huamini inchi 15 lazima ishuke chini kuliko inchi 10. Si lazima, hutegemea spika ilivyotengenezwa na boksi lilivyopimwa. Amplifaya ya Ampeg SVT ya wati 300, iliyotoka 1969, ilipata sifa kwenye majukwaa makubwa ikiwa na maboksi yenye spika nane za inchi 10 kila moja.

Kinachobaki ni sheria ya kimaumbile: boksi dogo, sauti ya chini sana, na sauti kubwa kwa wati chache. Unaweza kupata viwili kati ya hivyo, si vyote vitatu. Kwa muziki wa dansi na taarabu ya kisasa, ambako kila noti ya besi inatakiwa ijulikane kando ya tumba na ngoma, usifukuze sauti ya chini kupita kiasi. Chukua usafi na nguvu.

Ukimpa seremala

Mninga ni mzuri kwa kitanda, lakini kwa boksi la spika ni mzito, na ubao mzima hutanuka na kusinyaa hadi viungo vikaachia. Plaiwudi nzuri ya milimita 15 au 18 ni bora. Chipubodi hufura ikipata maji. Ujazo wa boksi na urefu wa tundu lake hupimwa kwa spika husika, kwa hiyo mpe seremala vipimo vya mtengenezaji wa spika, siyo picha ya boksi la bendi nyingine.

Chumvi na maji

Hewa ya delta hula skrubu, fremu na plagi. Funika boksi kwa turubai, na kwenye boti liweke juu ya mbao, mbali na maji ya ngama. Nyumbani lisikae sakafuni. Mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti yalionyesha maji yanavyoweza kuingia ndani. Pima pia mikono mliyonayo: boksi la zamani la spika nne za inchi 10 linaweza kuzidi kilo 40, wakati maboksi ya kisasa yenye sumaku ya neodimi na spika moja ya inchi 12 hucheza kwenye kilo 15.

Ukinunua la mtumba

Sukuma karatasi ya spika taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Ukisikia mkwaruzo, koili imeharibika. Kisha pima kwa mita: boksi la omu 8 husoma kati ya 5 na 7, la omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Mita isiposoma kitu, spika imekufa au waya umekatika. Mwisho, piga uzi mzito kwa nguvu na usikilize mbao zinazolia.

Kwa bendi inayozunguka kati ya barabara kuu na visiwa, chaguo salama ni maboksi mawili madogo ya omu 8 na amplifaya inayokubali omu 4. Shughuli ndogo, beba moja. Shughuli kubwa, beba yote. Na moja likiharibika kisiwani, muziki utaendelea kwa lililobaki.