Kulipa Ada Ukachore Shambani Italia: Yalianzia Wapi?

 Mnisamehe kwa ukimya, zamu za usiku zimenibana kweli kweli. Leo sileti habari za baridi. Nataka kujibu swali mnaloniuliza tangu niliposema kuwa mwenzangu wa wodini kaenda Italia wiki nzima kujifunza kuchora. Baba mdogo ndiye aliyeuliza kwa ukali zaidi: mtu mzima, ana kazi yake, analipaje nauli na ada ili akakae shambani kuchora miti?

Baba, hapa Moseley hilo si ajabu. Watu wanakwenda kikundi, wanalala kwenye nyumba ya zamani ya mkulima, asubuhi mwalimu anawafundisha rangi za maji, mchana wanakula pamoja, jioni wengine wanafinyanga vyungu. Bei inaweza kuvuka pauni 1,000 kwa wiki. Nami nilicheka kama ninyi, mpaka nilipoanza kufuatilia historia yake.

Zamani Italia ilikuwa safari ya watoto wa matajiri. Katika karne ya 17 na ya 18 kijana wa ukoo mkubwa wa Kiingereza alipelekwa Ufaransa na Italia, pengine mwaka mzima au zaidi, akaone magofu ya Roma na picha za wachoraji wakubwa. Kamera hazikuwapo. Ukitaka kumbukumbu uchore mwenyewe, au umkodi mchoraji mfuatane naye. Kisha ikaja reli. Mwaka 1841 Thomas Cook alikodi treni ya kuwapeleka watu kama 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa kupinga ulevi, shilingi moja kwa kichwa. Kufika 1864 alikuwa anapeleka makundi Italia. Basi hata mtu wa kipato cha kati akapata nafasi.

Sasa njooni Birmingham, mji wa moshi na vyuma. Edward Burne-Jones alizaliwa hapa mwaka 1833, mtoto wa fundi wa fremu za picha, si mtoto wa tajiri. Alikwenda Italia mara ya kwanza 1859. Mwaka 1862 akarudi tena, safari hii mwandishi John Ruskin ndiye aliyegharamia, naye akalipa kwa kunakili picha za Milan na Venice. Yaani aliiona Italia kwa mkono wake!

Mwingine ni Joseph Southall, aliyekulia Edgbaston, si mbali na hapa. Mwaka 1883 alizunguka Italia wiki kadhaa akavutiwa na picha za kale zilizochorwa kwa rangi iliyochanganywa na kiini cha yai. Kama umewahi kuacha sahani yenye kiini cha yai mpaka asubuhi bila kuiosha, unajua kinavyoshika. Mbinu hiyo ilikuwa karibu kusahaulika Uingereza, Southall akaifufua. Leo ukiingia jumba la makumbusho la Birmingham utaona mtaa wa Corporation Street alivyouchora ukutani, watu na kofia zao, jinsi ulivyokuwa mwaka 1914 kabla ya vita.

Lakini si kila mtu alihitaji kupanda meli. Mwaka 1885 mji huu ulifungua chuo cha sanaa mtaa wa Margaret Street, cha kwanza Uingereza kuendeshwa na halmashauri ya mji. Wanafunzi hawakuishia kuchora kwenye karatasi, walifua fedha na shaba na kutengeneza vitu wenyewe, maana viwanda vilihitaji mikono inayojua kubuni. Mwaka 1900 likafunguliwa tawi barabara ya Moseley Road, upande wa Balsall Heath. Jengo bado limesimama, ila shule ilifungwa 1975. Mnajua nani walisoma pale? Baadhi ya vijana wa UB40! Ndiyo, haohao mnaowapiga kwenye harusi. Na jina UB40 ni la fomu ya posho ya wasio na ajira.

Na zile nyumba za mashambani Italia zilikuwa za nani? Za wakulima waliolima ardhi ya bwana na kumpa nusu ya mavuno. Baada ya vita vya pili vijana walikimbilia viwandani mijini, na mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo. Nyumba zikabaki tupu na mapaa yakaanguka. Wageni wakanunua wakakarabati, na mwaka 1985 ikatungwa sheria ya kuwaruhusu wakulima kupokea wageni mashambani. Kwa hiyo chumba anacholala mwenzangu akipumzika, kuna familia iliyokitoka kwa sababu ya shida.

Nawaandikia haya kwa sababu ya kikao cha ukoo kuhusu kijana wetu anayechora mabango ya saluni. Nimesikia mnasema kuchora ni kazi ya wavivu. Jamani, Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, mkoa wetu huu huu wa Ruvuma! Mwaka 1968 alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao, akauza kule Oysterbay. Alifariki 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo wazungu wanawalipa wafundishwe, kama vile mwenzangu anavyolipa Italia.

Sisemi atatajirika. Wachoraji wengi wanahangaika, hata hapa. Ninachoomba ni kimoja: ile hela niliyoombwa kwa ajili ya kozi ya kompyuta nitaituma yote, na nitaongeza ya rangi na brashi. Asome kozi, na achore. Baba mdogo, usimfiche hiyo ya pili.

Haya, zamu inaningoja. Nisalimieni bibi, na mwambieni soksi za sufu anazitumia kweli mjukuu wake.