Nani Aliwahesabu Wafu wa Vita vya Majimaji?

Katika vitabu vyetu vya historia, idadi ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Majimaji hutolewa kwa namna mbili. Wapo wanaoandika 75,000, na wapo wanaoandika kati ya 250,000 na 300,000. Mwanafunzi hukariri ile iliyomo katika kitabu alichopewa, akaijibia mtihani, akapata alama zake. Ni nadra kumsikia anayeuliza tofauti ya watu karibu laki mbili au zaidi imetoka wapi. Nataka kulishughulikia swali hilo hapa, kwa kuwa linatufundisha kuhusu ubora wa data kuliko sura nyingi za vitabu vya mbinu za utafiti.

Tuanze na yale yasiyobishaniwa. Mwezi Julai 1905 watu wa vilima vya Umatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye dawa yake ya maji ilikuwa imekwisha kuenea, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, lakini kifo chake hakikuzuia chochote. Vita vilienea hadi Mahenge na Ungoni. Serikali ya Gavana von Götzen ilipoona kwamba risasi hazitoshi, iliamua kutumia njaa: vijiji vilichomwa, mazao yakateketezwa mashambani, ghala zikaporwa. Kwa hiyo wengi wa waliokufa hawakufa vitani. Walikufa baadaye, porini na njiani, kwa kukosa chakula na kwa maradhi yanayofuatana na njaa.

Sasa tazama hesabu. Kwa upande wa Wajerumani tunaambiwa walikufa Wazungu 15, na askari na wasaidizi wa Kiafrika 389. Si mia nne, ni 389. Namba ya aina hiyo ina daftari nyuma yake: kila askari alikuwa na mshahara, bunduki aliyokabidhiwa, na ofisa wa kutoa taarifa asiporudi. Askofu Cassian Spiss na wenzake waliouawa Agosti 1905 wanajulikana kwa majina mmoja mmoja. Upande wa pili tunapewa 75,000, namba ya mviringo ambayo msomaji hawezi kuifungua aone ndani mna nini. Je, ni waliouawa kwa risasi tu? Wamo waliokufa kwa njaa mwaka 1906 na 1907? Wamo watoto? Nani alipita vijijini kuhesabu, wakati watu wa vijiji hivyo walikuwa wamekimbia ili wasionekane na mtu yeyote wa serikali?

Dola huhesabu kwa uangalifu kile inachokigharimia, na hukadiria yasiyoihusu. Tangu mwaka 1898, kodi ya nyumba ilipoanzishwa, hesabu ya watu wa koloni lile ilitegemea sana hesabu ya vibanda, na kibanda kilihesabiwa kwa ajili ya kutozwa. Mwenye akili alikuwa na kila sababu ya kukificha, au kuhamia katika kibanda cha nduguye siku karani anapopita. Hakuna aliyekuwa amewahesabu watu wa kusini kichwa kwa kichwa kabla ya vita, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kutoa waliobaki kwa waliokuwapo akapata jibu.

Hapa ndipo lazima tuwe wakali hata kwa upande wetu. Makadirio ya 250,000 hadi 300,000 ni ya Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Dar es Salaam aliyekwenda kuzungumza na wazee wa maeneo ya vita katika miaka ya 1960, na aliyetunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1973 kwa tasnifu iliyohusu kuzuka na kukua kwa vita hivyo. Inakisiwa kwamba idadi hiyo ni kama theluthi moja ya watu wote wa eneo hilo. Mimi naiona iko karibu zaidi na ukweli kuliko ile ya Wajerumani, kwa sababu inaihesabu njaa kuwa sehemu ya vita, na masimulizi yote ya walionusurika yanasisitiza njaa. Hata hivyo theluthi ni theluthi ya kitu fulani, na kitu hicho, yaani idadi ya watu kabla ya 1905, chenyewe ni kadirio. Mwanaharakati anayeitamka 300,000 jukwaani kana kwamba ni hesabu ya sensa anaudhoofisha ushahidi anaotaka kuutetea, maana swali moja tu la mpinzani makini litamwacha bila la kusema.

Kuna chanzo cha tatu kisichotajwa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1930, A. T. Culwick, ofisa wa serikali ya Kiingereza, na mkewe G. M. Culwick, mwanaanthropolojia, walichunguza uzazi wa wanawake katika bonde la Ulanga. Kutokana na kazi yao ilionekana kwamba njaa ya baada ya vita ilipunguza uzazi wa wanawake walionusurika kwa zaidi ya robo. Hiyo ni data ya namna nyingine kabisa. Haihesabu maiti. Inahesabu watoto ambao hawakuzaliwa, na imepatikana kwa kumuuliza mtu jambo analolijua kuliko mtu mwingine yeyote duniani: mama alizaa wangapi, na lini. Ni funzo zuri kwa wanaotunga madodoso. Ukitaka jibu la kuaminika, muulize mtu kilichompata yeye mwenyewe, usimuulize maoni yake juu ya wilaya nzima.

Nimefika mahali ninapopapenda zaidi katika historia hii, nao ni mwaka 1968. Wakati wa likizo ndefu ya mwaka huo, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, chini ya uongozi wa John Iliffe, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya vita. Fikiria umri wa wasailiwa. Kijana wa miaka kumi na mitano mwaka 1905 alikuwa mzee wa miaka sabini na minane mwaka 1968. Kwa maneno mengine, mlango ulikuwa unafungwa. Kama mradi ule ungesubiri fedha za wafadhili kwa miaka kumi, wasailiwa wengi wangekuwa makaburini, nasi tungebaki na majalada ya gavana peke yake.

Vijana wale walikabili karibu kila tatizo linalomkabili mtafiti wa leo. Walihitaji kumtofautisha mzee aliyeona kwa macho na mzee aliyesimuliwa na baba yake, ingawa wote wawili husimulia kwa uhakika uleule. Usaili wa kikundi nao una hatari yake: wazee watano wakikaa pamoja, mwenye heshima kubwa husema kwanza, na waliobaki huitikia. Ukiandika majibu matano yanayofanana ukadhani una mashahidi watano, umejidanganya, kwani unaye mmoja. Tena kuna suala la nani mwingine alikuwa amekaa barazani. Mzee anayezungumza mbele ya balozi wa nyumba kumi, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, anajua taifa linapenda kusikia nini.

Lugha nayo ni uwanja wa hasara. Chukua neno hongo. Katika masimulizi ya Majimaji, Hongo ni pepo aliyehusishwa na wito wa Kinjikitile, na wajumbe waliosambaza maji nao wakaitwa hongo. Katika Kiswahili cha misafara, hongo ilikuwa ushuru aliotozwa mpita njia. Katika Kiswahili cha leo ni rushwa. Mtafiti asiyeandika kwamba neno hilo lilitamkwa na nani, kwa lugha gani na katika muktadha gani, anampelekea msomaji wa Kiingereza kitu ambacho msailiwa hakukisema. Ndiyo maana nasisitiza kwamba tafsiri ni hatua ya uchambuzi, wala si kazi ya ukarani ya kumwachia mtu wa kulipwa kwa ukurasa.

Mradi ule ulikuwa na upendeleo wake, na hauna haja ya kufichwa. Swali kuu la wakati ule lilikuwa: makabila mengi namna ile yaliunganaje dhidi ya mkoloni? Nyerere alikuwa ameitumia Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kama ushahidi kwamba wananchi waliukataa utawala wa kigeni tangu mwanzo. Ukimuuliza mtu mliunganaje, atakueleza muungano. Hukumuuliza nani hakujiunga, na kwa nini.

Lakini kurasa za masimulizi yale, zilizopigwa chapa, zilihifadhiwa. Baada ya miaka thelathini na zaidi wanahistoria wengine walirudi kwenye ushahidi ule na kwenye majalada ya Kijerumani, wakapata picha tofauti. Jamie Monson alionyesha kwamba katika nyanda za juu kusini, nani alipigana na nani aliwasaidia Wajerumani kulitegemea sana uhasama na ushirika wa miaka ya nyuma. Thaddeus Sunseri alituonyesha Uzaramo ya wanawake walioachwa na mashamba yaliyovamiwa na nguruwe pori, wanaume wakiwa wametolewa kwenda kazini. Felicitas Becker alitazama kusini mashariki akaona ushindani wa biashara na wa wakubwa wa mahali. Mtu anaweza kukubaliana nao au asikubaliane. La msingi ni kwamba iliwezekana kubishana, kwa kuwa maneno ya wazee yalikuwapo karatasini, si hitimisho la mtafiti pekee. Ile 75,000 haibishaniwi kwa namna hiyo. Inakubaliwa au inakataliwa tu.

Kwa kipimo hicho, data nyingi tunazozalisha leo zinafanana na 75,000 kuliko na masimulizi ya 1968. Tasnifu inatetewa, jedwali linabaki ukurasa wa 64, na madodoso yanauzwa kwa wafunga maandazi. Ripoti ya idara inasema asilimia fulani ya wananchi wameridhika na huduma, bila kueleza kwamba aliyeuliza alikuwa mtumishi wa idara hiyohiyo, amevaa fulana yake. Msimamizi anajua kwamba baadhi ya fomu zilijazwa chini ya mwembe, lakini tarehe ya kuwasilisha imefika. Nasi hatujasahau marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya Septemba 2018, yaliyofanya kuwa kosa la jinai kusambaza takwimu zenye nia ya kubatilisha takwimu rasmi, kabla Bunge halijalegeza kamba Juni 2019. Chini ya sheria ya namna ile, Gwassa angehitaji wakili kabla ya kalamu.

Mambo haya si ya kale. Mwaka 2017 Serikali ililieleza Bunge kwamba inatafakari kudai fidia kwa Ujerumani, na Novemba 2023 Rais Steinmeier aliomba msamaha mjini Songea. Siku pande mbili zitakapokaa mezani, idadi itaulizwa. Kazi ya kuitafuta bado inawezekana: vitabu vya ubatizo na vya mazishi vya misheni, hesabu za kodi za Wajerumani na za Waingereza waliowafuata, vijiji vilivyokuwa kwenye ramani za kabla ya 1905 na ambavyo havimo katika zile za baadaye, masimulizi ya koo kuhusu mababu wasio na kaburi. Vyanzo hivyo vimetawanyika Peramiho, Dar es Salaam na Berlin, vingine kwa Kijerumani cha mkono wa kale ambacho wasomaji wake nchini mwetu ni wachache. Ni kazi ya watu kumi kwa miaka mitano, pamoja na mtu wa kuyatunza madaftari yao watakapomaliza.