Kaburi la Josina, Kinondoni

Nilipanda basi la Bagamoyo hapa Mapinga asubuhi, nikashuka Makumbusho, nikachukua bodaboda hadi makaburi ya Kinondoni. Nilikwenda kuzuru mahali ambapo mwenyewe hayupo tena. Josina Machel, mke wa Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, katika miaka ya vita vya ukombozi, alizikwa Kinondoni Aprili 1971. Baada ya uhuru Msumbiji ilimchukua binti yake huyo.

Nilisimama nikamwombea hivyo hivyo. Ardhi iliyompokea kwanza ni yetu.

Wengi humtaja kama mke wa Samora tu, nami naona wanampunja. Mwaka 1964, akiwa na miaka 18, alitoroka Msumbiji ya Wareno, akakamatwa Victoria Falls, akarudishwa na kufungwa. Alipotoka alitoroka tena, akafika Dar es Salaam. Akapewa nafasi ya kusoma Uswisi, akaikataa. Mwaka 1967 alikuwa kwenye kambi ya Nachingwea na wasichana wenzake, wakijifunza kushika bunduki, wakati bado walikuwapo wanaume wa Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, walioona vita si kazi ya mwanamke.

Alifunga ndoa na Samora huko Tunduru, Mei 1969, miezi mitatu tu baada ya Mondlane, kiongozi wa Frelimo, kuuawa kwa bomu Dar es Salaam. Samora alikuwa bado hajawa rais wa Frelimo. Novemba wakapata mtoto wa kiume. Mwaka uliofuata Josina akaanza kuugua, akapelekwa Moscow, akaambiwa apumzike. Hakupumzika. Machi 1971 alikuwa Cabo Delgado, akishughulikia watoto wa vita. Tarehe 7 Aprili alifariki katika hospitali ya Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 25.

Siku hiyo Msumbiji huiadhimisha kila mwaka kuwa Siku ya Wanawake. Josina amelala Maputo, katika mnara wa mashujaa, na tangu 1986 Samora naye yumo humo.

Jioni nilirudi kwa barabara ileile, inayopita Mapinga kwenda Bagamoyo, ilikokuwa sekondari ya Frelimo. Graça, aliyeolewa na Samora mwaka 1975, alifanya kazi pale. Wazee wa Bagamoyo waliowaona vijana wale wa Msumbiji bado wapo, ila wanapungua. Wewe mwenye babu au bibi huko, kaa naye umuulize, na uandike anachokumbuka.