Tatu wa Kibamba

Alfajiri ya 24 Aprili 1965, Wacuba wachache walishuka Kibamba, ufuko wa Kongo, baada ya kulivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma. Majina yao walikuwa wameyaacha nyuma, wakaitana kwa hesabu ya Kiswahili. Víctor Dreke alikuwa Moja. Yule aliyeitwa Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara, na hata viongozi wa waasi wa Kongo, ambao Wacuba walikuja kuwasaidia kupigana na serikali, hawakuwa wamejulishwa kwamba anakuja.

Hesabu ilificha majina, lakini Kiswahili chenyewe hawakukijua. Che alipewa kijana wa kumfundisha, Freddy Ilanga, aliyekuwa bado hajatimiza miaka ishirini. Kambi kuu ilikuwa juu mlimani, na kila gunia la chakula na kila sanduku la risasi lilipandishwa mgongoni kutoka ziwani. Wapiganaji wa Kongo walipoambiwa wabebe, walijibu kwamba wao si motokaa. Baadaye, walipoona Wacuba wakibeba, jibu likageuka: wao si Wacuba. Kwangu mimi, jibu hilo linaeleza kushindwa kwa safari ile kuliko vita vyote vilivyofuata. Mtu hukataa mzigo wa vita asivyoviona kuwa vyake.

Na wangevionaje vyao? Laurent Kabila, kiongozi wao, alifika Kibamba mwezi Julai, akakaa siku chache, akavuka ziwa akaondoka. Che alimsubiri kwa miezi.

Kufikia hapo siri nayo ilikuwa imekwisha toka. Tarehe 29 Juni, Wacuba na Watutsi wa Rwanda waliishambulia ngome ya Bendera, kwenye bwawa la umeme, wakatimuliwa. Wacuba wanne waliuawa, na mmoja wao alikuwa na shajara kwenye shanta lake. Upande wa serikali ulipoisoma ukajua unapigana na nani. Safari nzima ya kujificha iliishia kwenye kijitabu cha askari mmoja.

Novemba, Tanzania iliwaomba Wacuba waondoke. Usiku wa kuamkia tarehe 21 walipanda boti kurudi Kigoma, huku Wakongo waliobaki ufukoni wakisihi wachukuliwe nao. Nafasi haikuwepo. Siku tatu baadaye Mobutu, mkuu wa jeshi la Kongo, alitwaa madaraka.

Freddy, mwalimu wa Kiswahili, alipelekwa Cuba. Akasomea udaktari, akafia huko mwaka 2005.