Nipe Mji: Kutoka Vitendawili vya Jioni Hadi Mchezo wa Maswali Redioni

Mtu akisikia redioni mtangazaji anatega maswali, mgeni mwenye jina kubwa anababaika na studio nzima inacheka, haraka atasema: «Hayo ni mambo ya Wazungu.» Sisi tunasema apana. Mchezo huo ulikuwa kwetu kabla ya redio, na una sheria zake ambazo si vizuri kuzisahau.

1. Jioni ya vitendawili

Kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, na kushuka kandokando ya ziwa kupitia Makobola mpaka Baraka, tunaishi watu wa lugha nyingi: Kivira, Kifuliiru, Kibembe, Kirundi, Kinyamulenge na nyingine. Kila lugha ina mlango wake wa kufungulia mchezo. Mrundi anaita «Sokwe!», anajibiwa «Niruze!» Kwa majirani wa Rwanda ni «Sakwe sakwe!» na jibu «Soma!» Kiswahili nacho, kilichofika pande hizi na misafara ya biashara katika karne ya 19, kilituletea «Kitendawili!» na «Tega!»

Utamu wenyewe unakuja watu wanaposhindwa. Mtegaji anadai: «Nipe mji!» Wanampa Sange, anakataa, anasema ni padogo. Wanampa Kigoma, pengine anakubali. Hapo anaanza kujisifu: amefika Kigoma, amepokewa kama mfalme, amekula mukeke mpaka akachoka, na nyie mlioshindwa amewaacha bandarini mnabeba mizigo. Watu wanacheka, halafu ndipo anafumbua: nyumba isiyo na mlango ni yai.

Tuangalie vizuri sheria za mchezo huu. Kwanza, jibu haliko shuleni. Liko jikoni, shambani, ziwani, machoni pa kila mtu. Pili, mtoto anaweza kumtega babu yake, na babu akishindwa anatoa mji kama wengine. Mgeni wa heshima aliyefika jioni hiyo naye hasamehewi. Tatu, na hili ndilo kubwa: anayechekwa sasa ndiye anaweza kutega baadaye. Kicheko kinazunguka, hakikai juu ya kichwa cha mtu mmoja.

2. Redio inaingia nyumbani

Kinshasa ilikuwa mbali, lakini mawimbi ya majirani yalikuwa karibu. BBC ilianza matangazo ya Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Radio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, yaani Rajabu Hatia na Ali Said Keto, wachekeshaji waliochukua majina yao kwenye methali isemayo pwagu hupata pwaguzi. Nairobi, tangu 1966, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, alikuwa akiwauliza wasikilizaji juu ya vituko vya watu: «Je, huu ni ungwana?» Jina la kipindi lenyewe ni swali, na msikilizaji analijibu akiwa kwake, sahani mkononi.

Upande wa Kifaransa, Ufaransa ilianzisha mwaka 1958 mchezo wa redio ambao baadaye uliitwa wa faranga elfu moja, unaozunguka mji kwa mji na kuuliza maswali yaliyotumwa na wasikilizaji wenyewe. Shule zetu zilipokea Génies en herbe, mashindano ya wanafunzi yaliyoanzia Radio-Canada. Huko Marekani, kati ya 2012 na 2021, redio ya NPR ilikuwa na Ask Me Another, kilichoongozwa na mchekeshaji Ophira Eisenberg, huku Jonathan Coulton akiimba mafumbo kwa gitaa. Mtu mashuhuri alialikwa, akahojiwa, kisha akategwa mbele ya watu. Ni yule yule babu wa jioni: ukubwa wako uache mlangoni, sasa jibu.

3. Kicheko kinachoua na swali la kizuizini

Lakini tusidanganyane kwamba kila kicheko ni dawa. RTLM, iliyotangaza Rwanda kati ya 1993 na 1994, ilipendwa kwa muziki na mizaha yake, na kwa sauti hiyo hiyo ya utani ilichochea mauaji ya kimbari. Kule kicheko hakikuzunguka. Kulikuwa na mchekaji na mchekwaji, na mchekwaji hakupewa zamu ya kutega.

Sisi wa Uvira tulionja swali la namna nyingine. Mji ulitekwa Oktoba 1996, na mwaka 1998 vita vikaanza tena. Kizuizini mtu aliulizwa: «Unatoka wapi? Unasema lugha gani? Tamka neno hili.» Aliyekosea hakuambiwa «nipe mji». Alipoteza mzigo wake, na wengine walipoteza uhai. Kwa hiyo huku kwetu kuulizwa swali mbele ya watu si jambo dogo. Mtu mzima anaweza kutetemeka.

Ndiyo maana kazi ya redio za amani ina uzito. Bujumbura, Studio Ijambo ilianzishwa mwaka 1995, na kutoka 1997 ilikuwa na mchezo wa kuigiza wa Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi niwe umuryango, yaani jirani ndiye ndugu. Tarehe 25 Februari 2002 ilifuata Radio Okapi, inayotumia Kifaransa na lugha zetu nne za taifa. Michezo na mazungumzo ya namna hii yanarudisha maneno mahali pake.

4. Tufanye nini?

Chemsha bongo ya shule ni nzuri, lakini inauliza miji mikuu na tarehe. Mwenye diploma anashinda, na mama anayeuza ndagala Kalundu ananyamaza. Kwenye kitendawili mama huyo ndiye bingwa. Tunapendekeza mambo matatu. Vijana wakusanye vitendawili kwa wazee, kila lugha kwa maneno yake, kabla wazee hawajatutoka. Redio za hapa zichanganye maswali ya kitabu na mafumbo ya nyumbani. Na mgeni mkubwa akialikwa, mtoto amtege kwanza, lakini yeye naye apewe zamu. Swali la «wewe ni wa wapi?» libaki nje ya studio.

Basi jioni hii, taa ikizimika kama kawaida yake, zima na simu, uite: «Kitendawili!» Atakayeshindwa atoe mji anaotaka, hata Paris. Uvira tu asiitoe. Hiyo tunaihitaji sisi wenyewe.