Utetezi wa mdaiwa katika kesi za madeni, Marekani

Utetezi wa mdaiwa ni hoja za kisheria anazoweza kutoa mahakamani mtu aliyeshtakiwa kwa deni lake binafsi, kama la kadi ya benki au la matibabu. Marekani hoja hizo ni nyingi, ila kesi nyingi huisha bila hata moja kusikika. Ripoti ya taasisi ya Pew ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 70 ya kesi hizo huamuliwa upande mmoja kwa sababu mdaiwa hakujibu. Hukumu ikishatoka, katika majimbo mengi mdai anaweza kuomba mshahara ukatwe. Kwa hiyo utetezi ulio mkubwa kuliko wote ni kupeleka majibu kabla muda uliotajwa kwenye samansi haujaisha.

Uzito wa majibu hayo unatokana na biashara ya kuuza na kununua madeni. Benki huuza madeni sugu kwa mafungu, na mnunuzi mara nyingi hupata orodha ya taarifa za msingi tu. Tume ya Shirikisho ya Biashara ilibaini mwaka 2013 kwamba wanunuzi wakubwa walilipa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni, na walipewa nyaraka za takribani asilimia 12 ya madeni hayo. Mdaiwa akikana, ni juu ya mnunuzi kuonyesha mkataba, hesabu, na jinsi deni lilivyopita mkono hadi mkono. Upo pia ukomo wa muda wa kufungua kesi, ambao katika majimbo mengi ni miaka 3 hadi 6. Huu una mtego: asiyeutaja katika majibu yake kwa kawaida huupoteza, na katika majimbo kadhaa malipo kidogo ya kuonyesha nia njema huanzisha upya hesabu ya muda huo. New York iliondoa mtego huo wa pili kwa sheria ya 2021.

Wapo watakaosema dawa ya deni ni kulipa. Sawa, lakini alipwe nani, na kiasi gani? Anayelipa mtu asiyethibitisha umiliki anaweza kudaiwa tena na mwingine. Hoja kwamba utetezi hupandisha gharama za mikopo nayo haina mashiko makubwa, maana kinachotakiwa ni karatasi ambazo mkopeshaji na mnunuzi wanapaswa kuwa nazo. Na hata aliyehukumiwa bila kufikishiwa samansi bado anaweza kuiomba mahakama ifute hukumu hiyo.